Taa za miaka ya 1950 zinazotengenezwa tena kiwandani: jinsi ya kuzitambua na kuzipa bei

Taa mbili zenye jina moja na umbo moja zinaweza kuachana bei mara kumi, na zote mbili zikawa halali. Moja ni ya zamani, imetoka kiwandani miaka ileile mbunifu alipoichora. Nyingine ni toleo jipya, limetengenezwa na kampuni iliyopewa haki na mbunifu au warithi wake. Pembeni yao kuna feki, ambayo haina haki yoyote hata kama inawaka vizuri. Wengi huogopa feki, na ni sawa kuiogopa, lakini pesa nyingi zaidi hupotea pale mtu anapolipa bei ya taa ya 1955 na kupewa toleo la miaka ya 2000 lililozeeshwa kidogo kwa sandipepa na chai. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua umeshika toleo la lini. Bei inafuata baadaye.

Anza na historia ya uzalishaji

Kabla ya kugusa taa, tafuta jambo moja: je, kiwanda kiliwahi kusimama kuitengeneza? Jibu hilo ndilo linaloamua pengo la bei.

PH 5, taa ya kuning'inia ya Poul Henningsen, ilianza kutengenezwa na Louis Poulsen wa Denmark mwaka 1958 na haijasimama hadi leo. Arco, taa ya kusimama yenye upinde mrefu ya ndugu Achille na Pier Giacomo Castiglioni, imekuwa ikitoka Flos, Italia, tangu 1962. Kwa taa za namna hii neno "toleo jipya" halina uzito mkubwa, kwa sababu ni mfululizo mmoja usiokatika. Ndiyo maana PH 5 nyeupe ya miaka ya 1970, ambayo imejaa kwenye masoko ya mitumba ya Denmark, mara nyingi huuzwa chini ya bei ya mpya ya dukani. Uzee peke yake hauongezi bei pale ambapo vitu ni vingi.

Hali ni tofauti kwa taa ambazo uzalishaji wake ulikatika. Taa za "Bubble" za ofisi ya George Nelson zilitengenezwa na Howard Miller huko Michigan, Marekani, kuanzia 1952 hadi 1979. Zikapotea sokoni karibu miaka 20, kisha Modernica ya Los Angeles ikazirudisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuanzia 2016 haki ikahamia Herman Miller. Kwa hiyo Bubble halali inaweza kuwa na lebo ya kampuni yoyote kati ya hizo tatu, na kila lebo ina bei yake.

Serge Mouille ndiye mfano mkali kuliko wote. Alikuwa Mfaransa aliyesomea usonara wa fedha, akatengeneza taa zake nyeusi zenye mikono mirefu miaka ya 1950 katika karakana ndogo, kwa idadi ndogo. Za kwake mwenyewe huuzwa mnadani kwa makumi ya maelfu ya dola na kupita hapo. Toleo jipya linalotolewa Ufaransa kwa haki halali, kila taa ikiwa na namba yake na cheti, ni la maelfu machache. Ukiona "Mouille ya 1954" isiyo na historia ya umiliki inayoeleweka, ikiwa safi na bei yake ikiwa "nzuri", ihesabu kuwa toleo jipya au feki mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo.

Vifaa vya ukaguzi

Chukua futi ya kupimia yenye milimita, sumaku ndogo, mizani, tochi, bisibisi bapa na ya nyota, na multimita (kipima umeme). Simu ya kupiga picha unayo tayari. Kama taa iko mbali, mwombe muuzaji picha nne: lebo, ndani ya kofia ya taa, holda ya balbu kwa karibu, na plagi. Anayekataa kupiga picha ya holda huwa ana sababu.

Sumaku inapotosha watu. Wengi hudhani ikinata basi taa ni feki. Hapana: inategemea taa yenyewe inatakiwa kuwa ya nini. Kofia za PH 5 ni alumini, sumaku isinate. Kofia ya AJ ya Arne Jacobsen, iliyochorwa kwa ajili ya hoteli ya SAS Royal ya Copenhagen, ni chuma, na sumaku hunata kwenye iliyo halali kabisa. Kitako chake ndicho zinki ya kumiminwa, na hapo isinate. Mahali sumaku inaposaidia zaidi ni kwenye shaba: ikinata kwenye kiungo kinachosemwa ni shaba tupu, hicho ni chuma kilichopakwa.

Vipimo husema zaidi. Namba za taa za PH si za mapambo: tarakimu ya kwanza inakaribia kipenyo cha kofia kubwa kwa desimita. PH 5 ni sentimita 50, PH 4/3 ni sentimita 40, na PH 3/2 ina kofia ya juu ya sentimita 29. AJ ya mezani ina kimo cha sentimita 56, ya kusimama sentimita 130. Feki nyingi huchongwa kwa kukadiria kutoka picha au kupunguzwa ili ziingie kwenye boksi dogo la usafiri, kwa hiyo huachana na vipimo hivi kwa sentimita mbili au tatu. Taa ya kiwandani haikosei kiasi hicho.

Tarehe zilizojificha kwenye lebo na nyaya

Alama za usalama ni kalenda nzuri. Alama ya CE kwenye vifaa vya umeme ni ya miaka ya 1990 na kuendelea. Mchoro wa pipa la taka lenye mkato wa X ulianza kutumika Ulaya mwaka 2005. Msimbo wa posta wa tarakimu tano kwenye anwani ya Marekani haukuwepo kabla ya 1963. Taa "ya 1958" yenye pipa lililokatwa ni toleo jipya, hakuna cha kujadili, isipokuwa lebo iko kwenye waya au plagi tu. Hizo hubadilishwa, na taa ikabaki ya zamani. Ndiyo maana unaangalia lebo iliyogandishwa kwenye mwili wa taa kwanza, kisha holda, na plagi mwisho.

Kinyume chake ni kigumu kuthibitisha. Kukosa lebo hakumaanishi uzee, kwani stika hung'oka, na wengine huzing'oa makusudi. Tafuta kivuli chake: pale stika ilipokaa miaka 40, rangi ya chini yake hubaki tofauti kidogo na ya pembeni. Skrubu za nyota nazo si ushahidi wa upya, zilikuwepo tangu miaka ya 1930. Kichwa cha skrubu kilichokwaruzwa kwenye taa inayodaiwa "haijawahi kufunguliwa" kinaeleza zaidi.

PH 5 kwa karibu

Tuikague taa moja mpaka mwisho, maana ndiyo inayoigwa sana.

Henningsen aliichora baada ya kuchoshwa na watengenezaji wa balbu waliokuwa wakibadilisha maumbo na ukubwa kila mara. Alitaka taa ambayo balbu yake haionekani, iwe ya aina gani. Kipimo cha kwanza basi ni cha macho. Ining'inize sentimita 60 hivi juu ya meza, kaa kwenye kiti, iwashe. Ukiangalia kutoka pembeni hutakiwi kuiona balbu. Inama taratibu, jaribu kila upande. Kwenye feki, kofia za ndani zimekaa milimita chache juu au chini ya mahali pake, na mstari mwembamba wa mwanga mkali hukupiga jichoni. Kabla ya kuhukumu hakikisha balbu ni ya ukubwa unaofaa. Ndefu kupita kiasi hutokeza hata kwenye taa halali.

Zima, subiri ipoe, geuza. Ndani utakuta rangi nyekundu na buluu kwenye sehemu ndogo. Hazikuwekwa kwa urembo: Henningsen aliona jicho halizihisi vizuri ncha mbili za rangi za mwanga, akataka kuzipa nguvu. Feki za bei ya chini huacha ndani kweupe kote. Usiihukumu taa kwa hilo peke yake, kwani kuna matoleo halali yenye rangi nyingine. Linganisha na picha za kiwanda za toleo husika.

Sasa pitisha kidole kwenye ukingo wa kila kofia. Alumini iliyozungushwa na kumaliziwa vizuri ina ukingo laini wenye unene uleule mzunguko mzima. Ukingo unaokwaruza, au rangi iliyojikusanya kama tone upande mmoja, ni kazi ya haraka. Angalia rangi kwa tochi iliyolazwa: ikionekana kama ganda la chungwa, ni rangi ya unga iliyookwa vibaya, au mtu ameipaka upya. Zungusha taa ikining'inia na utazame nguzo ndogo zinazoshikilia kofia. Kofia zote zizunguke bila kuyumba. Ikiyumba kofia moja tu, huenda ilianguka. Zikiyumba zote, haikunyooka tangu siku ya kwanza.

Ndugu yake mkubwa, PH Artichoke ya 1958, iliyotengenezwa kwa ajili ya mgahawa wa Langelinie Pavilion wa Copenhagen, ina kipimo rahisi kuliko vyote: hesabu majani. Ni 72, safu 12 za majani sita sita. Vipenyo vyake ni sentimita 48, 60, 72 na 84.

Arco, Bubble na Akari

Arco hupimwa kwa mgongo. Kitako chake ni marumaru ya Carrara chenye uzito wa karibu kilo 65, na tundu lililotobolewa humo ni la kupitisha mti wa ufagio ili watu wawili waibebe. Pembe zimekatwa ili zisiumize miguu. Feki hupunguza jiwe kuokoa gharama za usafiri, halafu hulazimika kufupisha upinde ili taa isianguke. Matokeo yake kofia haifiki katikati ya meza, ambalo ndilo lilikuwa kusudi lote la taa hii. Kama uzito na urefu viko sawa, angalia waya: unapita ndani ya upinde wa chuma cha pua, haufungwi kwa nje.

Bubble ni fremu ya waya wa chuma iliyopuliziwa plastiki, teknolojia iliyochukuliwa kutoka kwenye kinga ya meli za jeshi la Marekani zilizowekwa akiba. Plastiki ya Howard Miller leo imegeuka rangi ya asali na huvunjika ukiibonyeza. Basi usiibonyeze. Nyeupe kabisa na nyororo inayouzwa kama ya 1955 ni toleo jipya. Bubble ya umbo la "Saucer", yaani kisahani, ni ya sentimita 44, 63 au 89 kwa kipenyo. Kwa mtu anayetaka mwanga chumbani, hapa toleo jipya ni bora kuliko la zamani bila ubishi: nyufa za plastiki ya zamani hazizibiki bila kuonekana, na njano yake haisafishiki.

Akari za Isamu Noguchi zimetengenezwa na Ozeki, mjini Gifu, Japani, tangu 1951, kwa karatasi ya gome la mforosadi na mbavu za mwanzi. Tafuta muhuri mwekundu wa jua na mwezi. Feki hutumia waya wa chuma uliojiviringa na karatasi ya mashine, na waya huo huacha mistari ya kutu kwenye karatasi. Taa hizi hukunjwa bapa, kwa hiyo kagua mikunjo: hapo ndipo karatasi huchanika kwanza.

Umeme: kagua kabla hujachomeka

Taa ya Ulaya ni ya volti 230, karibu sawa na Kenya na Tanzania, inahitaji plagi ya pini tatu za mraba tu. Ya Marekani ni ya volti 120. Adapta ya safari hubadilisha umbo la pini, haibadilishi volti. Taa ya kawaida isiyo na transfoma wala dima (kifaa cha kupunguza mwanga) inaweza kuhamishiwa volti 230 kwa kubadilisha waya, swichi, holda na balbu. Dima ya volti 120 hung'olewa, vinginevyo itaungua. Balbu ya E27 huingia kwenye holda ya E26 ya Marekani, lakini usitumie hilo kama kisingizio cha kuacha holda ya zamani.

Waya wa mpira au wa kitambaa wa miaka ya 1950 ukiukunja ukapasuka au kumwaga unga, usiuchomeke hata kujaribu. Utaratibu wa kubadilisha ni huu:

1. Piga picha kila hatua. Vitu vyote vya awali (waya, holda, plagi, skrubu) viweke kwenye mfuko wenye lebo. Mnunuzi wa baadaye atavilipia.
2. Tumia waya wa milimita 0.75 za mraba. Mwili wa chuma unahitaji waya wa kori tatu, yaani nyuzi tatu ndani yake, mmoja ukiwa erthi, isipokuwa taa ina alama ya mraba ndani ya mraba, yaani kinga mbili. Hiyo huchukua kori mbili.
3. Laivu (kahawia) iende kwenye ncha ya katikati ya holda, nyutro (buluu) kwenye sehemu yenye hesi. Ukigeuza, taa itawaka vilevile, ila anayebadilisha balbu anaweza kugusa hesi yenye umeme.
4. Erthi (kijani na njano) ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Kwangua mahali pasipoonekana.
5. Waya ubanwe kwa kibanio chake. Fundo halitoshi, hufunguka taa inaponing'inia.
6. Plagi iwe na fyuzi ya ampea 3. Zile za ampea 13 zinazokuja na plagi za dukani ni kubwa mno kwa waya huu.
7. Pima kwa multimita taa ikiwa haijachomekwa: kati ya pini ya erthi na mwili wa taa isizidi omu moja, kati ya pini ya laivu na mwili isionyeshe mawasiliano yoyote.

Kama hujawahi kufanya kazi hii, mpe fundi umeme na umwonyeshe hatua ya tatu na ya nne, maana ndizo zinazorukwa.

Kuipa bei

Weka namba tatu mezani. Ya kwanza ni bei ya leo ya dukani ya toleo jipya, rangi na ukubwa uleule. Hiyo ni dari ya toleo jipya lililotumika. Ya pili ni matokeo ya minada ya taa ya kipindi chake. Tumia bei zilizouzwa, achana na zilizoombwa. Tangazo lililokaa mwaka mzima bila mnunuzi halikwambii bei, linakwambia tamaa ya muuzaji. Ya tatu ni gharama za kuifikisha nyumbani.

Tuseme nyundo ya mnada imegonga kwa yuro 1,000. Ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, unalipa 1,250. Usafirishaji na bima 180, jumla 1,430. Ukiiingiza Tanzania Bara, ushuru wa forodha huhesabiwa juu ya bei pamoja na bima na usafiri, kisha VAT ya asilimia 18 juu yake. Kenya VAT ni asilimia 16. Ongeza fundi. Kwa taa ambayo mpya yake inauzwa dukani 1,300, hesabu hii imeshakataa.

Rangi ya awali ndiyo thamani ya taa ya zamani. Iliyopakwa upya, hata vizuri, hushuka sana, wakati toleo jipya lililopakwa upya hushuka kidogo tu, kwani nalo halikuwa na cha kupoteza. Shaba iliyopauka iache hivyo. Kuing'arisha ni kufuta ushahidi. Kwenye toleo jipya mambo ni kinyume: usafi, boksi, risiti na cheti ndivyo vinavyoshikilia bei. Matoleo ya idadi maalumu yenye namba hushikilia zaidi, ilimradi namba iliyo kwenye taa ndiyo iliyo kwenye cheti. Zisome namba zote mbili, usitosheke na kuona cheti kipo.

Feki haina bei ya kuuzia tena, na sheria inazidi kuibana. Tarehe 28 Julai 2016 Uingereza iliondoa kifungu kilichowaruhusu waigaji kunakili bidhaa za kiwandani baada ya miaka 25, na sasa hakimiliki ya kazi hizi ni maisha ya mbunifu na miaka 70 baada yake. Henningsen alifariki 1967, kwa hiyo kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2037. Marekani sheria ni legevu zaidi kwa vitu vya matumizi, ndiyo maana nakala nyingi zinauzwa huko waziwazi. Ukiwa na ndugu Minneapolis au Houston anayekununulia, mwambie asome tangazo kwa makini: "kwa mtindo wa", "iliyochochewa na" na "ya enzi ya" ni maneno ya mtu anayekwepa kusema taa ni ya nani. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti jina la kiwanda, jina la mbunifu na mwaka wa kutengenezwa taa yenyewe. Mwaka wa mchoro usiukubali badala yake. "Arco 1962" inaweza kuwa imetoka kiwandani wiki iliyopita.

Ukiishi pwani

Chumvi na unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja hubadilisha hesabu. Akari huota ukungu kwenye mikunjo ikiachwa chumba kisichopitisha hewa. Ining'inize mbali na ukuta wa nje, na ukiihifadhi iweke ndani ya boksi la karatasi pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, usiifunge kwenye nailoni. Fremu ya Bubble ikianza kutu, doa hupenya kwenye plastiki na halitoki, kwa hiyo ifute vumbi kwa kitambaa kikavu na usipitishe maji karibu na waya wa fremu ulio wazi juu na chini. Shaba na alumini huvumilia. Viunganisho vya holda ndivyo huharibika kimya kimya: vifungue mara moja kwa mwaka, umeme ukiwa umezimwa, na ukikuta unga wa kijani badilisha holda, usiikwangue.